Seva ya pamoja au kompyuta yako? Moto wa Daejeon una majibu mawili

Tarehe 26 Septemba 2025, betri za lithiamu zilishika moto katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo 96 iliteketea. Mingi ilikuwa na nakala za akiba. G-Drive, ghala la faili la mtandaoni la serikali hiyo, haikuwa nayo nje ya jengo lile, na humo ndimo watumishi wa umma walimohifadhi kazi zao, kila mmoja akitengewa gigabaiti 30 hivi. Terabaiti 858 zikapotea. Serikali ilieleza kuwa ghala hilo lilikuwa kubwa mno kunakiliwa kwingine.

Kinachouma zaidi ni kwamba watumishi hao walikuwa wametii. Mwongozo wa mwaka 2018 uliwataka waweke nyaraka za kazi humo, wasiziache kwenye kompyuta za ofisini. Wizara inayosimamia utumishi, iliyoweka kila kitu humo, iliumia kuliko zote. Ofisi ya uratibu wa sera, ambayo haikuutegemea sana mfumo huo, ilipata hasara ndogo. Kwa ufupi, mkaidi ndiye aliyenusurika.

Basi kila mtu abaki na faili zake? Wanaosema hivyo sasa wana ushahidi mkononi, lakini wanasahau kwa nini agizo lilitolewa. Kompyuta ya mfanyakazi huibwa, flashi hubeba virusi kutoka steshenari hadi ofisini, na afisa akihamishwa huondoka na miaka mitano ya kumbukumbu. Ripoti moja huwa na matoleo saba na hakuna ajuaye lipi lilisainiwa. Tena Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022 zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Orodha ya wagonjwa iliyosahaulika kwenye daladala ikiwa ndani ya flashi ni kesi inayosubiri mlalamikaji.

Kwa hiyo mimi naegemea seva ya pamoja, ila si kwa masharti ya Daejeon. Idara ya TEHAMA ikikataza nakala za pembeni, imebeba dhamana yote, na haiwezi tena kusema nafasi haitoshi. Kama kunakili ni ghali, watumiaji waambiwe mapema folda zipi hazina akiba. Wala diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja zisihesabiwe kuwa akiba: ukifuta faili kwenye moja, imefutika kwenye zote, na moto hauchagui.

Hata nakala yenyewe ina hatari zake. Desemba 2021, kwenye kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, hitilafu katika programu ya kunakili ilifuta terabaiti 77 za watafiti. Chombo cha kuokoa ndicho kilichofuta. Ndiyo maana ripoti ya kila asubuhi inayosema “nakala imekamilika” hainishawishi sana. Ningependa kuona mtu akichagua faili ya mwezi uliopita, bila kutoa taarifa, na fundi akiirudisha kutoka jengo jingine huku mkuu wa idara akitazama. Ofisi iliyofaulu jaribio hilo ina haki ya kupiga marufuku flashi. Nyingine ziwaachie wafanyakazi nakala ya kazi wanayoiandika sasa, ikiwa imefungwa kwa nywila.