Ajenda Ilikuwa kwa Nyuma

Bosi alirudi kutoka semina ya mazingira na wimbo mmoja tu: tubane karatasi. Sikubisha. Rimu ya A4, ile ya gramu 80, ni karatasi 500 na uzito wa kilo mbili na nusu, na mimi ndiye ninayezipandisha ngazi. Nikaona mgongo wangu umepata mtetezi.

Kuchapa pande mbili tulikuwa tumeshajaribu. Kumbe printa ilikuwa imewekwa igeuze karatasi kwa upande mfupi, basi kila ukurasa wa pili unatoka kichwa chini miguu juu. Ripoti ya robo mwaka watu waliisoma wakiizungusha kama usukani.

Safari hii amri ikawa nyingine: karatasi iliyochapwa upande mmoja isitupwe, iwekwe kwenye boksi kando ya printa, ule upande mweupe utumike tena. Wazo zuri, ila karatasi iliyokwisha pita kwenye joto la printa hujikunja, na nyingine bado zina pini za stepla. Mashine ikawa inavuta mbili mbili, inakwama. Unafungua mlango wa mbele, unafungua wa nyuma, vidole vinatoka vyeusi, nayo bado inashikilia kwamba kuna karatasi ndani.

Siku ya kikao cha kubana matumizi, dada wa masjala alijaza trei kutoka boksini akachapa ajenda. Nakala ya bosi tu ndiyo aliyoitoa kwenye karatasi mpya. Bosi ni bosi.

Tulipokaa, dereva akageuza ajenda yake. Akatulia. Kisha akanipiga kiwiko. Kwa nyuma kulikuwa na orodha ya mishahara ya mwezi uliopita: majina, vyeo, posho, makato, mpaka senti. Yeye alipata ukurasa wa 3, mimi wa 5. Mara meza nzima ikawa inageuza karatasi, na mhasibu jasho linamtiririka.

"Leo mnasoma!" bosi akafurahi. "Haya, mmeona tunavuja wapi?"

"Tumeona, bosi."

"Wapi?"

"Masoko," dereva akajibu bila kuinua macho. Mkuu wa masoko akajikohoza.

"Wanatumia sana?"

"Mara tatu ya sisi, bosi. Na ya nyumba wanapata."

"Kumbe wanabeba mpaka nyumbani!" Bosi akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake.

Chini ya meza watu walikuwa wanabadilishana. "Nina ya tatu, nani ana ya kwanza?" Ya kwanza ndiyo ya wakubwa, na aliyekuwa nayo aliikalia kabisa. Mhasibu, ambaye sikuwahi kumsikia akiutaja hata mti, akasimama: "Jamani, tukimaliza tuzirudishe boksini. Tufikirie mazingira." Hakurudishiwa hata moja. Bosi akatusifu: kikao cha kwanza ambacho hakuna aliyeacha ajenda mezani, na kuanzia sasa zote zichapwe hivyo hivyo.

Kesho yake printa haikupumua. Barua za kuomba nyongeza ya mshahara, kila mtu nakala tatu: ya bosi, ya utumishi, na ya kwake mwenyewe ya ushahidi. Upande mmoja tu, tena karatasi mpya kabisa, maana barua rasmi huwezi kuiandika mgongoni mwa mshahara wa mwenzako. Hata dada wa masjala alichapa yake. Kabla wiki haijaisha, kabati la rimu likabaki vumbi.

Bosi akaja mwenyewe, amekasirika, anataka kumjua anayechapa namna hii. Nikamwambia nitalifuatilia hilo suala, huku nimesimama mbele ya trei kuikinga nakala yangu ya tatu imalize kutoka.