Moja ya Sita: Canada na Urani ya Hiroshima

Mnamo Juni 2020 Setsuko Thurlow, mkazi wa Toronto ambaye alikuwa msichana wa miaka 13 siku bomu la atomiki lilipoangushwa juu ya mji wake wa Hiroshima, alimwandikia barua Justin Trudeau, Waziri Mkuu wa Canada wa wakati huo. Aliomba serikali ikiri mchango wa Canada katika utengenezaji wa mabomu ya Agosti 1945, itoe tamko la kusikitikia vifo na mateso yaliyofuata, na ijiunge na Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia uliopitishwa katika Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Bibi huyu ndiye aliyesimama Oslo Desemba 2017 kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani kwa niaba ya kampeni iliyoupigania mkataba huo. Hata hivyo, wapo Wakanada wengi, baadhi yao wanahistoria makini, wanaoona kwamba ameibishia hodi nyumba isiyo yenyewe. Hoja zao si za kupuuzwa.

Wanasema, kwanza, kwamba Canada ilikuwa katika vita ambavyo haikuvianzisha. Desemba 1941 ilikuwa na askari 1,975 Hong Kong, wengi wao wakiwa hawajawahi kusikia risasi ya adui. Karibu 290 waliuawa katika mapigano, na waliotekwa walikaa miaka mitatu na nusu katika kambi za Kijapani, ambako njaa na maradhi viliwamaliza wengine, hata jumla ya wasiorudi nyumbani ikazidi 550. Pili, wanakumbusha kwamba mradi wa bomu ulianza kwa kumwogopa Hitler, kwa kuwa ugunduzi wa kupasuka kwa kiini cha urani ulifanyika Berlin mwishoni mwa 1938, na hakuna aliyejua Wajerumani wamefika wapi. Tatu, uamuzi wa kulitumia bomu haukuwa wa Canada. Makubaliano ya Quebec ya tarehe 19 Agosti 1943 yalitiwa saini na Roosevelt na Churchill, nayo yalizitaka Marekani na Uingereza zipate ridhaa ya kila upande kabla ya kulitumia bomu dhidi ya mtu mwingine yeyote. Mackenzie King, Waziri Mkuu wa Canada, alikuwa mwenyeji wa mkutano. Saini yake haikuhitajika.

Hoja ya nne ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Vita vilipokwisha, Canada ilikuwa na urani, ilikuwa na wataalamu waliofunzwa katika maabara ya Montreal, na tarehe 5 Septemba 1945 kinu chake kidogo cha nyuklia huko Chalk River kilianza kufanya kazi, kikiwa cha kwanza nje ya Marekani. Ingeweza kujitengenezea bomu lake, na haikufanya hivyo. Ni kweli kwamba urani yake iliendelea kuuzwa kwa ajili ya silaha za Marekani na Uingereza, na sera ya kuuza kwa matumizi ya amani pekee ilitangazwa na Lester Pearson mwaka 1965 tu. Lakini kujizuia kule kulikuwa kujizuia kwa kweli, na ni nchi chache zilizowahi kujizuia hivyo.

Kisha huja hoja ya tano, ambayo kwa kawaida hutolewa mwisho kana kwamba inafunga mjadala: kwamba mchango wenyewe ulikuwa mdogo. Katika urani iliyokusanywa kwa ajili ya mradi wa Manhattan, yaani mradi wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu, sehemu iliyotoka katika mgodi wa Eldorado, kando ya Ziwa Great Bear kaskazini mwa Canada, hukadiriwa kuwa karibu moja ya sita. Sehemu kubwa kuliko zote ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Congo ya Wabelgiji, na iliyobaki katika nyanda za juu za Colorado. Moja ya sita, basi, na mwenye deni aende akamtafute aliyetoa tano zilizobaki.

Nimeitafakari sana tarakimu hii, na kadiri ninavyoigeuza ndivyo ninavyoona kwamba haiwezi kubeba mzigo iliotwikwa. Inahesabu mawe yaliyochimbwa Canada, lakini haihesabu yaliyosafishwa huko. Kiwanda cha Eldorado kilichokuwa Port Hope, Ontario, pembeni mwa Ziwa Ontario, kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 ili kutoa radiamu kwa ajili ya matibabu ya saratani, wakati ambapo urani ilikuwa karibu na takataka. Vita vilipokuja, kiwanda hicho kiligeuziwa kazi na kusafisha mawe ya Great Bear pamoja na sehemu ya mawe ya Congo. Kwa hiyo jiwe linaloandikwa katika safu ya Congo huenda lilipita mikononi mwa Canada kabla ya kufika Marekani, na wanaoinukuu tarakimu hiyo mara chache hukumbuka kulisema hilo. Tarakimu hiyo haina nafasi pia ya maji mazito, yaani maji yenye hidrojeni nzito yanayotumika katika vinu vya nyuklia, yaliyotengenezwa Trail, British Columbia, wala ya utafiti wa Montreal.

Tena urani haikukaa katika magunia yenye bendera. Iliyeyushwa, ikachanganywa, sehemu moja ikatenganishwa kwa ajili ya bomu la Hiroshima, nyingine ikaingizwa katika vinu vya Hanford, Marekani, kutengeneza plutoniamu ya bomu la Nagasaki. Hakuna awezaye kusema kwamba urani ya Canada iliua watu hawa na haikuwaua wale, katika watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 waliokufa Hiroshima hadi mwisho wa 1945 na 70,000 hivi wa Nagasaki. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na kwa kawaida tunaisema methali hiyo kumsifu mwenye kuweka akiba. Lakini kibaba kikishajaa, haba ya kwanza haina namna ya kujitenga na ya mwisho.

Lililo zito zaidi ni kwamba sehemu hiyo haikuonekana ndogo siku zote. Tarehe 6 Agosti 1945, saa chache baada ya Rais Truman kutangaza habari za Hiroshima, C. D. Howe, Waziri wa Zana za Kivita na Ugavi, aliwatangazia Wakanada mchango wa nchi yao katika kazi hiyo, na sauti ya tangazo ilikuwa ya fahari. Ilikuwa sehemu kubwa wakati wa kujivunia, ikawa moja ya sita wakati wa kuulizwa.

Chukulia, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba uzito wa madini ndio kipimo cha wajibu. Ikiwa ni hivyo, aliyebeba wajibu mkubwa kuliko wote ni mchimbaji wa Shinkolobwe. Mawe yaliyotoka kule yalikuwa na urani nyingi kuliko popote palipojulikana, na tani zipatazo 1,200 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikuwa amekwisha kuzisafirisha na kuziweka katika ghala la Staten Island, New York, kabla ya maofisa wa Marekani kujua kwamba wanazihitaji. Septemba 1942 walipomwendea, aliwauzia. Waliozichimba walikuwa raia wa koloni wasio na kura, wasioambiwa jiwe linakwenda wapi, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya migodini na sokoni, na ambalo wajukuu zao wanaweza kuusoma uchambuzi huu bila mkalimani. Sijamsikia mtu yeyote mwenye akili timamu akisema kwamba watu wa Katanga wanapaswa kuiomba Japani radhi. Hatusemi hivyo kwa sababu sote tunajua, hata tunapojifanya hatujui, kwamba wajibu hupimwa kwa ujuzi na uwezo: nani alifahamu, na nani angeweza kukataa.

Kwa kipimo hicho serikali ya Canada haiwezi kujificha nyuma ya kampuni, wala nyuma ya Washington. Mwaka 1942 ilianza kununua hisa za Eldorado kwa siri, na Januari 1944 ikaitaifisha kampuni yote. Tangu hapo mgodi na kiwanda vilikuwa mali ya umma. Howe alikuwa mjumbe wa Kamati ya Pamoja ya Sera iliyoundwa na Makubaliano yale ya Quebec, na alihudhuria kikao cha tarehe 4 Julai 1945 huko Washington ambapo mwakilishi wa Uingereza alieleza kwamba serikali yake imekubali bomu litumike dhidi ya Japani. Ndiyo, hakuwa na kura ya turufu. Lakini alikuwa na kiti, alikuwa na masikio, na alikuwa na mgodi. Mackenzie King naye alijua kabla, na siku ya Hiroshima aliandika katika shajara yake kwamba ni bahati bomu lilitumiwa dhidi ya Wajapani badala ya watu weupe wa Ulaya. Watetezi wake huichukulia sentensi hiyo kuwa lugha ya zama zake. Labda. Ila ni lugha ya kiongozi ambaye serikali yake, kuanzia 1942, iliwaondoa majumbani mwao watu wapatao 22,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia wa Canada, na kwa hiyo ni vigumu kuiita maneno ya kupitiwa.

Upande wa pili wa kipimo wako Wadene wa Sahtu, wenyeji asilia wa kando ya Ziwa Great Bear. Magunia ya madini, kila moja likiwa na uzito wa kilo 45 hivi, yalivushwa ziwani, yakateremshwa kwa majahazi kupitia mito mirefu hadi kituo cha reli cha Waterways, Alberta, na kote ambako maporomoko yalizuia vyombo yalipandishwa mabegani. Wanaume wa Déline, kijiji cha Wadene hao, walikuwa miongoni mwa waliobeba. Wazee wa kijiji husimulia kwamba vumbi liliwajaa nguoni, kwamba walilala juu ya magunia, na kwamba wake zao walishona mahema kwa magunia matupu. Hatari ya mionzi haikuwa siri kwa wenye kusoma: wachimbaji wa migodi ya Schneeberg na Joachimsthal, Ulaya ya kati, walikuwa wamekufa kwa saratani ya mapafu kwa miongo mingi, na habari za wasichana wa Marekani waliopaka radiamu nyuso za saa zilikuwa zimejaa magazetini katika miaka ya 1920. Haikuwafikia wabebaji.

Agosti 1998 ujumbe wa Déline ulisafiri hadi Hiroshima. Wanasimulia kwamba zamani mzee wao mmoja aliona katika maono watu wakiingia shimoni, jiwe likitolewa, na mwali ukiwateketeza watu waliofanana na Wadene. Walipoelewa madini yao yalikwenda wapi, waliona ni lazima waende kuwasalimu waathirika na kuwaeleza masikitiko yao. Walikwenda watu ambao hawakuambiwa lolote na hawakuamua lolote. Mwenye mgodi alibaki Ottawa.

Wakati huohuo walitaka kujua kama saratani zilizowaua wabebaji zilitokana na magunia yale. Jopo la pamoja la serikali na kijiji lilifanya kazi kwa miaka kadhaa, na ripoti yake ya mwaka 2005 ilieleza kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha saratani hizo na mgodi. Sina sababu ya kuwashuku waliofanya hesabu. Lakini uchunguzi wa wafanyakazi wa Eldorado wenyewe umeonyesha kwamba saratani ya mapafu iliongezeka kadiri mchimbaji alivyovuta gesi ya radoni, na uliweza kuonyesha hivyo kwa sababu wafanyakazi hao walikuwa na majina katika daftari za kampuni. Watu wachache wa kijiji kimoja, waliobeba mizigo kwa msimu bila kupimwa mionzi, hawawezi kutoa takwimu za namna hiyo hata wakifa wote. Kutokuandikwa kuligeuka kuwa kutokuthibitika, na kutokuthibitika kukasomwa na wengi kama kutokutendeka.

Wasiwasi wa familia za askari wa Hong Kong kwamba tamko la masikitiko lingewatukana wazee wao ni wa haki, na atakayeliandika tamko hilo bila kuwataja atakuwa amekosea. Hata hivyo Canada imekwisha kupita njia hii: mwaka 1988 Brian Mulroney aliwaomba radhi bungeni Wakanada wenye asili ya Kijapani kwa kufungwa na kunyang'anywa mali wakati wa vita, na heshima ya waliopigana Hong Kong ikabaki ilivyokuwa. Kuhusu mkataba wa 2017, natofautiana kidogo na Bibi Thurlow. Kujiunga nao kunagusa uanachama wa NATO, na mtu anaweza kuwa na shaka ya dhati juu ya hilo. Kuliunganisha ombi la kukiri na ombi la kubadili sera ya ulinzi kumeipa serikali kisingizio cha kuyaweka kando yote mawili. Kukiri yaliyotendeka mwaka 1945 hakuhitaji idhini ya mshirika yeyote.

Tena Ottawa inajua namna ya kukiri inapotaka. Mwaka 1975 shule moja ya Port Hope ilihamishwa kwa sababu ya radoni iliyotokana na taka za kiwanda zilizotumika kujazia ardhi, na ilibainika kwamba udongo huo ulikuwa chini ya nyumba, bustani na barabara za mji. Kwa makubaliano ya mwaka 2001 serikali kuu ilibeba wajibu wa kuusafisha, na Januari 2012 ikatenga dola bilioni 1.28 za Canada kuchimbua taka za eneo hilo na kuzihifadhi mahali salama. Katika kazi hiyo nyumba zilipimwa moja moja, na hakuna mkazi aliyeambiwa asubiri mpaka ijulikane ni sehemu gani ya mionzi iliyo chini ya sakafu yake ilitoka Great Bear na ipi ilitoka Katanga.