Mwizi Hana Nauli

Mimi ni soja. Kila jioni naondoka kwangu Kayole, hapa Nairobi, napanda matatu mbili hadi Lavington kwa matajiri, nalinda geti la mtu mpaka asubuhi. Geti hilo lina waya wa umeme juu, kamera mbili, mbwa wanne wanaokula nyama kila siku, na mimi mwenye rungu na tochi. Miaka sita sasa sijamwona mwizi huko. Hata wa kupotea njia.

Kwangu ndiko kunakoibwa.

Walianza na mita ya maji. Wakafuata sufuria, na hii bado inaniuma, maana ilichukuliwa ikichemka. Mama watoto aliingia ndani kuchukua chumvi, kutoka akakuta jiko linawaka peke yake. Githeri ya watu watano, na mwiko ndani! Siku tatu baadaye tukaukuta mwiko dirishani, umeoshwa. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kushukuru.

Mdosi wangu anasema njaa ndiyo mama wa wizi. Sipingi, ila akisema hivyo huwa ananitazama mimi. Unga ukipanda bei, nami napanda kwenye orodha yake ya washukiwa. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ilipopita shilingi 200, alianza kuhesabu vijiko. Julai serikali ikaushusha hadi shilingi 100, akaacha, ingawa unga wenyewe wa bei hiyo ulikuwa kama mwezi wa kuandama: wenzako wameuona, wewe hujauona.

Kijana wake anasoma uchumi chuo kikuu. Aliniambia mambo si mepesi hivyo, kwamba uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 2008 na watu kupoteza kazi kwa mamilioni, uhalifu huko haukupanda, ulizidi kushuka. Nikamwomba amweleze baba yake. Akacheka, akaingia ndani.

Mimi elimu yangu nimeipata kwenye matatu. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita, Septemba 2023, nauli ilinishinda nikawa natembea nusu ya njia. Sasa mwizi wa Kayole, ambaye hata huo mshahara wangu hana, atafikaje Lavington? Akifika, atarudije na friji? Basi anafanyia kazi karibu na nyumbani, kwa miguu, kwa watu anaowafahamu. Tajiri analindwa na nauli. Mimi nasaidia tu.

Na bei ya vyuma mwizi anaijua kuliko Waziri wa Fedha. Januari 2022 nguzo kubwa za umeme zilianguka, nchi nzima ikawa giza, ikasemekana zilikuwa zimefunguliwa vyuma. Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu. Miezi ile geti langu la Kayole lililala usingizi mnono. Njaa ilikuwepo, wezi walikuwepo, mnunuzi ndiye hakuwepo. Mei marufuku ikaondolewa. Haukupita mwezi, na geti langu likaondolewa.

Nililikuta mtaa wa pili kwa mnunuzi, limelazwa kwenye mizani. Nililijua kwa ile rangi ya kijani niliyopewa na mdosi ilipobaki. Nikasema, "Bwana, hili ni langu."

"Mzee, kila kitu hapa ni cha mtu."

Tukapatana kwa kilo. Akanitoza mpaka kutu.

Pesa ya mkokoteni sikubaki nayo, nikajitwika. Ilikuwa Jumapili, siku yangu ya mapumziko, giza ndio linaingia. Mtu na geti kichwani, Kayole, magharibi! Sikufika hata kwenye kona.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Nikakumbuka mafunzo ya kazini. Nikatoa filimbi, nikapuliza kuomba msaada.

Wakaja wengi zaidi.