Breki ya mbele, malori ya TANZAM na kitabu cha baiskeli

Wapo wanaosema kuendesha baiskeli hakusomwi kitabuni, na hoja wanayo. Hakuna aliyejifunza kutoyumba kwa kufungua kurasa. Mtoto wa Iringa anajifunzia uwanjani, mguu mmoja ameupenyeza katikati ya fremu kwa sababu siti hajaifikia, na akianguka anainuka.

Lakini makosa yetu watu wazima mengi si ya kuyumba, ni ya kuamini vibaya. Wengi wanaamini breki ya mbele kazi yake ni kukupindua, basi wanateremka kutoka Iringa mjini hadi Ipogolo, chini ya kilima, wakibana ya nyuma peke yake. Hapo kitabu kizuri kinasaidia kweli, kwa sababu kinaeleza sababu: ukibana breki, uzito unahamia mbele, na gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Jaribu mwenyewe. Simama kando ya baiskeli tupu, isukume, bana breki ya nyuma: tairi linaburuza. Isukume tena, bana ya mbele: inasimama palepale na keria inainuka. Umeona nguvu yake na hatari yake kwa pamoja, na sasa unajua kwa nini vidole vinabana taratibu huku makalio yakisogea nyuma.

Shida ni kwamba vitabu vingi vinamfikiria mtu asiye na mzigo. Kwetu keria ina gunia la mkaa au viazi. Nyuma panakuwa pazito, usukani unakuwa mwepesi, na raba za breki zinaelemewa. Ikinyesha mvua ya Januari kwenye rimu za chuma, raba inateleza kwanza kabla haijaanza kushika. Aliyekariri tu "bana ya mbele" ataumia. Aliyeelewa sababu ataanza kubana mapema, kabla ya kona, au atashuka akokote.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni nafasi ya kukaa barabarani. John Forester, mwalimu wa uendeshaji baiskeli wa Marekani, alifundisha tangu miaka ya 1970 kwamba mwendesha baiskeli aendeshe kama dereva, asijibane ukingoni. Mwanjelwa kule Mbeya, magari yakienda polepole, namuunga mkono: unaonekana, na mlango wa gari lililoegeshwa haukukuti. Ila kwenye TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, malori ya Tunduma yakiteremka na shehena, siwezi kumshauri mtu akae mbele yake. Lori lile halisimami upesi hata dereva akitaka. Wanaompinga Forester wanadai njia za baiskeli zilizotengwa, na kwa barabara hii wana haki kabisa. Mpaka zijengwe, kaa kwenye bega la barabara, na lisipokuwepo, shika njia ya vumbi.

Kwa hiyo kitabu nampa anayejua tayari kuendesha. Aanze na zoezi la kutazama nyuma bila usukani kuyumba, kwanza bila mzigo, kisha na nusu gunia, uwanjani. Na kama kitabu ni cha Marekani, akumbuke kule wanaendesha kulia: michoro yote aigeuze, na bega la kutazamia hapa kwetu ni la kulia.