Jina la saiti liandikwe jina la mwenye duka

Wiki hii nimekasirika kweli. Mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anayeshona yunifomu za shule na vikwembe vya harusi, alininyooshea simu yake: saiti yake haifunguki tena. Palipokuwa na picha za kazi zake sasa kuna maneno ya Kiingereza kwamba muda wa jina la saiti, yaani anwani yake ya mtandaoni, umekwisha. Kijana aliyemtengenezea alihamia Kolwezi na namba yake haipatikani. Jina lilikuwa limeandikishwa kwa imeli ya kijana. Mama alilipa kila kitu, lakini hana akaunti wala karatasi inayoonyesha kwamba saiti ni yake. Na anwani ile bado iko juu ya mlango wake, kwenye kibao cha buluu, imepakwa kwa herufi kubwa kuliko namba ya simu.

Tunapopanga saiti ya kwanza, mazungumzo yote yanaishia kwenye rangi, nembo na picha zinazotembea. Swali la jina litakuwa la nani halitajwi. Mimi nasema liulizwe kabla ya rangi, kabla ya bei, kabla ya kumpa fundi wa saiti hata franka moja.

Jina la saiti halinunuliwi likawa lako milele. Unalilipia kwa mwaka, au kwa miaka kadhaa mpaka 10 kama linaishia na .com, na muda ukiisha unalipa tena. Kwa .com, muuzaji, yaani kampuni inayoandikisha majina, anatakiwa kukutumia ukumbusho kama mwezi mmoja kabla ya mwisho, kisha tena kama wiki moja kabla. Usipolipa, kwa kawaida jina halipotei siku hiyohiyo. Muuzaji akishalifuta, zinabaki siku 30 za kulikomboa, tena kwa bei kubwa kuliko ile ya kawaida, halafu siku 5 za mwisho. Zikipita hizo, mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Nafasi zote hizo mama yule alikuwa nazo, ila maonyo yanakwenda kwenye imeli iliyoandikishwa. Yalimfikia kijana, mama mwenyewe hakusikia kitu.

Hapa Lubumbashi hakuna anayelipia parseli, yaani kiwanja, halafu akakubali hati iandikwe jina la mwashi. Basi kwa nini tunakubali hivyo kwenye saiti, wakati ndipo wateja wanapotutafuta?

Najua vijana watanijibu: mwenye duka hana kadi ya benki, ana pesa kwenye simu tu, kwa hiyo fundi analipa kwa kadi yake. Sawa, hilo nalikubali. Wengi wao ni watu waaminifu, wanafanya kazi usiku kwa sababu mchana umeme ulikatika. Lakini kadi iliyolipa ni jambo moja, na mwenye jina ni jambo lingine. Fundi anaweza kulipa kwa kadi yake huku akijaza jina lako, namba yako na imeli yako mahali pa mwenye mali. Akikataa, mtafute mwingine.

Kwa hiyo fungua kwanza imeli ya biashara, wewe mwenyewe, kwenye simu yako, na neno la siri uliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Akaunti ya jina ifunguliwe kwa imeli hiyo. Mwambie fundi akuonyeshe mahali pa kupata msimbo wa kuhamisha jina, maana bila huo huwezi kulipeleka kwa muuzaji mwingine siku mkigombana. Jina jipya la .com kwa kawaida halihamishwi ndani ya siku 60 za mwanzo, kwa hiyo usingoje ugomvi ndipo uanze kuuliza. Nusu ya mwisho ya malipo itoke siku unapoingia kwenye akaunti bila msaada wake.

Kuhusu .cd, mwisho wa majina ya saiti ya Kongo, mimi naipenda. Ni yetu tangu nchi ilipoacha kuitwa Zaire mwaka 1997, na mteja akiiona anajua uko Kongo. Ila ina taratibu zake za kuongeza muda, tofauti na za .com, muulize muuzaji wake.

Wako wanaosema WhatsApp inatosha. Kwa muuza michopo, nyama ya kuchoma, inatosha kabisa. Kwa fundi wa nguo anayetaka kushonea shule nzima ya Likasi, mkuu wa shule atataka kuona kazi zake kabla ya kupiga simu.

Maneno yawe ya Kiswahili na ya Kifaransa. Mahali pa duka paelezwe kama tunavyoelekezana: karibu na shule gani, ng'ambo ya kituo gani cha mafuta.

Halafu picha. Picha moja ya simu inaweza kuwa na mega 3 au 4. Ukipanga 10 kwenye ukurasa wa kwanza bila kuzipunguza, mteja aliyenunua mega 100 umemmalizia theluthi ya forfe yake ya intaneti kabla hajaona bei hata moja. Siku fundi anapoleta kazi, saiti ifunguliwe kwa simu ya bei ndogo, bila waifai, jioni wakati mtandao umejaa. Ikichelewa, arudi akapunguze picha, na pesa zibaki mfukoni mwako mpaka amalize.