Hikori ya Chang'ombe

Mbukwenyi. Naanza na masahihisho, maana najua wengi wenu mmetokea kwenye ile video ya mimi kuanguka kwenye mechi ya lakrosi. Moja: sikulia. Lilikuwa vumbi. Anayebisha aje Dodoma mwezi wa tisa, asimame katikati ya kiwanja saa kumi jioni upepo ukivuma, halafu aniambie macho yake yamefanya nini. Mbili: ile haikuwa fimbo ya kuangulia ubuyu. Tatu: mgeni rasmi hakuumia. Hilo la tatu lina maneno mengi, tutalifikia.

Video yenyewe ni ya sekunde kumi na moja. Rafiki yangu, ambaye nitamwita Kamera Tatu kwa sababu tangu anunue hiyo simu hana sifa nyingine, aliirusha kwenye kundi la mtaa kabla sijainuka chini. Nilikuwa bado nimelala pale kifudifudi, nasikia simu za watu zinalia kiwanja kizima, ting, ting, ting, sijui kwamba ni mimi napokelewa.

Wanaonifuata siku nyingi mnajua habari za lakrosi yetu. Wageni: ni mchezo wa fimbo yenye kikapu cha nyavu nchani. Mpira mdogo wa raba, mgumu, unaudaka kwa kikapu, unakimbia nao, unarusha golini. Walinzi wanaruhusiwa fimbo ndefu, hadi inchi 72, yaani futi sita kamili na kichwa chake. Mimi ni mlinzi. Si kwa kipaji. Ni kwamba sina mbio, na asiye na mbio anahitaji mkono mrefu.

Vifaa vililetwa na mwenzetu mmoja aliyekwenda Kampala. Waganda wametutangulia mbali, walicheza kombe la dunia kule Denver mwaka 2014, nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Akarudi na fimbo fupi za aluminiamu, na kichwa kimoja cha ziada, cheupe, cha plastiki, kisicho na mpini. Kimoja. Hiyo namba ishikeni.

Nikasema, mpini niachieni mimi.

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu badala ya kwenda kwa fundi nilikwenda intaneti. Siku tatu nasoma habari za hikori. Ni mti wa Marekani Kaskazini. Wahaudenosaunee, wenyeji wa kule ambao mchezo huu ni wa mababu zao na wanauita tiba, huchonga fimbo nzima kwa hikori, wakailainisha kwa mvuke, wakakunja kichwa, kisha wakaiacha ikauke miezi kadhaa. Nyuzi zake ni ndefu, ukiipiga inanesa kwanza, haikatiki ovyo. Tena ni nzito, na kuna walinzi mpaka leo wanaukataa mpini wa aluminiamu kwa ajili ya huo uzito tu. Ikitua kwenye fimbo yako unaisikia begani. Hikori niliijua kuliko ninavyomjua shemeji yangu. Tatizo lilikuwa dogo: haioti Dodoma.

Basi nikaenda Chang'ombe kwa fundi mmoja mzee, anatengeneza vitanda na milango chini ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kitanda?"

"Hapana. Nataka mti wenye tabia za hikori."

Akazima redio. Nikamweleza. Nilianzia kwa Wahaudenosaunee, nikapitia mvuke, nikafika kwenye mshtuko na unesaji, dakika kumi nzima, nikichora hewani kwa mikono. Mzee alisikiliza kwa adabu zote. Nilipomaliza akauliza, "Huko kwao, mti huo wanatilia mashoka?"

Nikasema ndiyo, mipini ya shoka huko ni hikori.

"Sasa si ungesema tangu mwanzo unataka mti wa mpini."

Akaniambia mti wa mpini hauuzwi kwenye mbao. Unafuatwa porini. Mkole, ule ambao wafugaji wanachonga fimbo. Unachagua ulionyooka toka chini, unakata, unaulaza kivulini na magamba yake, ncha zote mbili unazipaka tope au nta ili usikauke kwa haraka ukapasuka. Kwa jua hili letu ukiuanika juani, jioni una kuni. Miezi mitatu, minne, ndipo uchonge.

Mechi ilikuwa Jumamosi. Hiyo siku ni Jumanne.

"Mzee, hapa dukani kuna nini?"

Kulikuwa na msonobari, mwepesi, umejaa vifundo, hata mimi niliukataa. Na kulikuwa na kipande cha mninga kilichobaki kwenye fremu ya mlango. Jamani, mninga. Kahawia ya asali, na karibu na katikati palikuwa na kifundo kidogo, michirizi imekizunguka kama moshi wa ubani. Nikapenda pale pale. (Mliooa kwa kuangalia picha tu mnanielewa.)

Mzee akakiinua, akafumba jicho moja, akakitazama kwa urefu kama mtu anayelenga bunduki. Akatoa penseli sikioni, akachora mstari mfupi wa mshazari pale pale penye moshi wa ubani. "Uzi wa mbao unatoka nje hapa. Haufuati mti, unakwenda pembeni. Mlango hauna neno, mlango haupigani na mtu. Mpini utakufia hapa."

Nikamwambia, na haya ni maneno yangu kamili, Kamera Tatu alikuwepo: "Mzee, huo ndio urembo wenyewe."

Akachonga. Unene wa inchi moja, pembe nane ili uingie kwenye kichwa sawasawa, randa inaimba, maganda yanaanguka kama nywele za kinyozi. Wapita njia wakasimama kuuliza ni ya nini. Mmoja kasema ya kutolea buibui darini, mwingine ya ubuyu, na huyo ndiye aliyeanzisha uongo unaoendelea hadi leo. Mwisho mzee akataka kuweka mpini juu ya matofali mawili aukanyage katikati, auone.

Nikamkatalia. Nilisema atauchubua.

Nyumbani nikapiga msasa na mikono mitatu ya vanishi. Ule mstari wa penseli sikuufuta. Nilipaka vanishi juu yake, ukabaki ndani unang'aa, kama mdudu kwenye asali.

Jumamosi. Sasa mnajua sisi hatuwezi kucheza hata bao bila mgeni rasmi. Tulimwalika mzee mmoja mheshimiwa wa mtaa, akawekewa turubai, kiti cha plastiki chenye mikono, meza yenye kitambaa cha kufuma, maji ya chupa na ua bandia. Ratiba ilisomeka: dua, utambulisho, maelezo mafupi ya mchezo, mechi, kukabidhi zawadi, neno la mgeni rasmi. Maelezo mafupi nilipewa mimi.

Yalichukua dakika ishirini. Nilinyanyua fimbo juu, jua likapiga vanishi, watoto wakasema "ooooh", nikalewa. Nikasema lakrosi ilikuwa Olimpiki mwaka 1904 na 1908, na inarudi Los Angeles 2028, na kwamba safari ya kwenda huko inaanzia kwenye fimbo kama hii. Nikasema mti huu, ndugu mgeni rasmi, ni hikori ya nyumbani. Mgeni rasmi akaandika kitu kwenye karatasi. Kwa nyuma nilimwona fundi wangu amesimama na baiskeli yake. Alikuja kuangalia kazi yake. Aliposikia "hikori ya nyumbani" aliangalia chini.

Haya. Sekunde kumi na moja.

Kijana mmoja mwembamba wa timu pinzani, kanga miguu, anakuja na mpira. Namwona tangu mbali, ndiyo faida ya kusimama mahali pamoja. Natanguliza mguu wa kushoto. Nainua fimbo nyuma ya sikio, kitu ambacho sheria haipendi na akili haipendi, lakini mgeni rasmi alikuwa anatazama. Nashusha.

Inatua kwenye mpini wake wa aluminiamu. Mlio nilioutarajia ni "ko!" Mlio uliotoka ulikuwa "kra," mdogo, mkavu, kama mtu anavunja bisi mdomoni. Kwanza mikono yangu ilisikia joto. Halafu ilisikia wepesi. Wepesi ule siwezi kuwaeleza; ni kama unapanda ngazi gizani, ukakanyaga ngazi ambayo haipo. Nikatazama. Ufa ulikuwa umeingia upande mmoja wa kifundo na unatokea upande wa pili, mshazari, taratibu kabisa, na niliuona mstari wa penseli ukifunguka katikati yake. Juu ya mstari! Hata milimita haukukosea. Mzee angekuwa daktari wa upasuaji tungekuwa mbali.

Kichwa kikaondoka na nusu ya mpini.

Kilipanda. Kilizunguka hewani, cheupe, kizuri, nyavu zimejaa upepo, kiwanja kizima shingo juu. Mimi nguvu ya pigo ilikuwa bado inanivuta, kwa hiyo nilikitazama huku nazunguka: kichwa, bodaboda, mlima, kichwa, turubai. Kwenye mzunguko wa pili miguu ikafungana. Wakati naanguka nilikiona kinashuka, kinapita pembeni ya ua bandia, kinatua mapajani kwa mgeni rasmi, polepole, kama mtoto anayerudishwa kwa babu yake.

Kimya.

Mgeni rasmi akakitazama. Akaitazama ratiba. Akakitazama tena. Halafu akasimama, akakinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akatabasamu kwa watu wote.

Na mshereheshaji wetu, ambaye alikuwa anakunywa soda na hakuona chochote, akashika kipaza sauti: "Naaam! Mgeni rasmi amekwisha kupokea zawadi yake! Makofi ya kilo!"

Makofi yakapigwa. Vigelegele vikapigwa. Yule kijana akafunga goli peke yake, hakuna hata mmoja aliyemtazama. Mimi nipo chini na kipande cha mninga mkononi na kibanzi chake ndani ya kidole gumba. Wanasema mninga mbichi ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Huu ulikuwa mkavu, ukatumia yangu. Na vumbi, kama nilivyosema, lilikuwa jingi.

Yaliyofuata ni mafupi. Tulifungwa, magoli siyataji. Mgeni rasmi akatoa neno zuri, akashukuru kwa zawadi iliyobuniwa kwa ustadi, iliyorushwa kwa namna ambayo hajawahi kuiona katika utumishi wake wote. Akaondoka nayo. Nani angemwambia? Wewe ungemwambia? Kibanzi alikitoa muuza karanga kwa pini. Usiku Kamera Tatu akaandika chini ya video yake kwamba lakrosi ya Olimpiki 2028 ni ya watu sita kila upande na fimbo ndefu hazimo kabisa. Alilijua hilo tangu mwanzo. Alisema hakutaka kunikatisha.

Jumapili nikarudi Chang'ombe na kipande changu. Mzee hakusema kitu. Alikipima kwa kiganja akasema kinatosha mguu wa stuli. Halafu akanionyesha juu, chini ya bati la kibanda, kumefungwa mti mwembamba ulionyooka, na magamba yake, ncha zimepakwa tope.

"Mkole huo mzee? Umeukata lini?"

"Jumatano."

Kwa hiyo mpini tunao, Januari utakuwa tayari, na safari hii utakanyagwa juu ya matofali mbele ya mashahidi. Kinachokosekana ni kichwa. Nimepita pale kwa mgeni rasmi mara mbili nikijifanya nasalimia. Kimetundikwa sebuleni, juu ya televisheni, kati ya kalenda na picha ya harusi, na ndani ya nyavu wameweka rimoti. Kama kuna mtu humu anafahamiana naye vizuri aje inboksi tuzungumze, nauli nitalipa.

Na wewe Kamera Tatu, futa.