Chichén Itzá kwa siku moja: tatizo ni basi, si mwongozaji

Watalii wanaofikia Cancún, kwenye pwani ya Karibi ya Meksiko, huuziwa ziara ya Chichén Itzá karibu kila hoteli. Asubuhi basi linakupitia, jioni linakurudisha. Katikati ya hapo unapata magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kuogelea kwenye senote (shimo kubwa la mawe ya chokaa lililojaa maji ya chini ya ardhi), chakula cha bufe na mara nyingi mzunguko mfupi katika mji wa Valladolid. Wanaoisifu wanasema umeona mengi kwa siku moja. Wanaoiponda wanasema umeona migongo ya watalii wenzako. Kwangu mimi, pande zote mbili zinachanganya mwongozaji wa watalii na basi, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Tuanze na mwongozaji, maana huyo namtetea. Piramidi ya Kukulkán, jengo kuu la magofu hayo, ina urefu wa mita 30 hivi, na tangu 2006 hairuhusiwi kupandwa. Ukiitazama peke yako, utapiga picha na kupita. Mwenye kuijua atakuhesabia ngazi: 91 kila upande, pande nne 364, ukiongeza jukwaa la juu unapata 365, siku za mwaka. Atakwambia kuwa ndani yake imezikwa piramidi nyingine ya zamani zaidi. Atakusimamisha mbele ya ngazi upige kofi, na mwangwi utakurudia kama mlio wa ndege. Ataeleza pia kwa nini watu hufurika Machi na Septemba, usiku na mchana unapolingana: jua la alasiri huangusha kivuli kinachoonekana kama nyoka akiteremka ukingoni mwa ngazi. Haya huwezi kuyaona kwa macho tu.

Waongozaji nao wana chumvi yao. Kwenye uwanja wa kale wa mchezo wa mpira wa Wamaya, wenye urefu wa mita 168, wengi husimulia kwa uhakika kabisa kwamba aliyeshinda ndiye aliyekatwa kichwa, na kwamba ilikuwa heshima. Mchongo wa ukutani unaonyesha kweli mchezaji aliyekatwa kichwa, damu ikimtoka kwa umbo la nyoka, lakini hausemi kama alishinda au alishindwa. Kibaya zaidi ni ile kauli kwamba Wamaya “walitoweka”. Zaidi ya watu laki 7 nchini Meksiko wanazungumza Kimaya cha Yucatán, na huenda dereva wa basi ni mmoja wao. Aliyekulia pwani yetu akisikia kwamba Kilwa au Gede ilijengwa na wageni anaijua ladha ya hadithi za namna hii. Mimi ningependa wasimulie zaidi habari za Edward Thompson, Mmarekani aliyenunua shamba lenye magofu hayo, akaanza kuchimbua senote takatifu mwaka 1904, na vitu vingi alivyoopoa vikaishia kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard.

Sasa basi. Kutoka Cancún ni kilomita 200 hivi, na kabla ya kushika barabara kuu lazima lizunguke hoteli baada ya hoteli. Jimbo la Yucatán, kuliko na magofu, liko nyuma ya Cancún kwa saa moja, kwa hiyo kwa saa za ramani unapata faida ya bure. Geti linafunguliwa saa 2 asubuhi, kukiwa bado na ubaridi. Lakini faida hiyo huliwa na mizunguko ya hoteli, na mabasi mengi huingia jua likishakuwa kali, yote kwa mkupuo. Kabla ya hapo umepitishwa kwenye duka la vinyago; ndani unapewa saa mbili au pungufu, ndipo ukimbizwe kwenye bufe.

Duka hilo ndilo linaloniudhi. Mtetezi wa mabasi atasema, na ni kweli, kwamba wachuuzi wa vijiji jirani wanaopanga bidhaa zao kando ya njia za magofu wanaishi kwa wageni hao. Ila mgeni aliyekwisha kupitishwa kwenye duka lenye kamisheni anawafikia akiwa amemaliza pesa, au anaambiwa aharakishe basi linaondoka.

Njia nyingine ni kulala Valladolid, mwendo usiozidi saa moja, ufike geti linapofunguliwa na kukodi mwongozaji pale pale mlangoni. Unalipia chumba, na Kihispania kidogo kitakusaidia. Si ya kila mtu. Mzee wa miaka 75, au familia yenye watoto wadogo na siku moja tu ya nafasi, basi litawafaa kuliko kubadilisha magari njiani, na sitamcheka anayelichagua. Ila kabla ya kulipa, aulize litafika getini saa ngapi, atakaa ndani muda gani, na kama bei inajumuisha kiingilio. Mgeni hulipa tiketi mbili, ya serikali kuu na ya jimbo, na ziara nyingi zinazoonekana rahisi zimeziacha zote mbili nje ya bei.